Baraza la Abiria Katika Meli ya Liemba

Wengi wetu tusomao gazeti hili ni watu wa kusafiri kwa basi, na katika basi hakuna haja kubwa ya kufahamiana. Mtu hupanda, husinzia, hushuka. Safari ya meli ni jambo jingine. Mtu akaaye melini siku mbili pamoja na mamia ya watu, asimjue hata mmoja, hujiona kama mfungwa aliyejinunulia tikiti. Nataka kueleza jinsi nilivyojaribu, katika mwaka 2014, kuwakusanya abiria wenzangu katika meli ya Liemba, Ziwa Tanganyika, na yaliyotupata baada ya kukusanyika. Baadhi yake ni ya kuchekesha, na mengine siyo.

Fikira hiyo haikuwa yangu. Ndugu yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa mhudumu wa chumba cha kulia katika meli ya watalii, mojawapo ya zile kubwa zichukuazo abiria zaidi ya elfu mbili. Alipokuja likizo alitusimulia kuwa abiria wa meli hizo, watokao miji mbalimbali na wasiopata kuonana kamwe, huandikiana kabla ya safari, kisha mmoja wao hujitolea kuwa mpangaji. Mpangaji huyo humwomba ofisa wa burudani awape ukumbi siku ya kwanza ambayo meli haitii nanga popote, kwa kuwa siku hiyo hakuna mahali pa kwenda. Hapo hukutana, kila mtu amebandika jina lake kifuani, wakanywa na kuzungumza, na pengine wakabadilishana zawadi ndogo ndogo za makwao. Wengine hutembeleana vyumbani kwa zamu, ili kila mmoja aone chumba cha mwenziwe. (Hilo la mwisho sikulipenda, nadhani wanakwenda kulinganisha bei.) Tena alisema kuwa meli ikivuka Ikweta, mtu huvikwa mavazi ya mfalme wa bahari, na wanaovuka mara ya kwanza humwagiwa maji. Tulicheka sana, maana marehemu baba alivuka Ikweta mara nyingi kwa meli za Kisumu kwenda Port Bell, wala hakumwagiwa hata kikombe kimoja.

Lakini neno moja lilinikaa moyoni. Alisema kwamba wazee wajane huingia katika mkutano ule wakiwa peke yao, na watokapo huwa wamepata mtu wa kula naye mpaka mwisho wa safari.

Wakati huo nalikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, karani wa serikali kwa mwaka wa tatu, na rafiki yangu tuliyesoma naye katika shule ya misheni alikuwa amepata kazi Mbala, katika nchi ya Zambia. Nilipopewa likizo niliazimu kumtembelea kwa njia ya maji. Nilikwenda kwa basi hata Tabora, kisha kwa garimoshi hata Kigoma. Katika behewa letu alikuwamo mzee mmoja wa Ujiji, amevaa kanzu na kofia, ambaye usiku kucha alinigawia karanga zake na kunieleza habari za ziwa. Alinicheka kwa Kiswahili changu. Alisema Wakenya aliopata kuwasikia huongea kama watu wapigao kelele sokoni, lakini mimi naongea kama kitabu cha sala. Nilimwambia ndivyo tulivyofundishwa na walimu wetu.

Liemba yenyewe yastahili maneno machache. Ilijengwa na Wadachi mwaka 1913 huko Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo elfu tano, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, na huko ikaunganishwa tena. Wakati ule jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, Wadachi walipokuwa wakirudi nyuma vitani, waliizamisha wao wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi wake walipaka mitambo grisi kwanza, kama mtu afichaye jembe lake akitumaini kurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Hivyo meli niliyopanda mimi ilikuwa imekwisha kukaa chini ya maji miaka kadhaa kabla baba yangu hajazaliwa. Sikumwandikia mama jambo hilo.

Tuliondoka Kigoma siku ya Jumatano alasiri. Mimi nalikuwa na tikiti ya daraja la pili, chumba cha vitanda vinne. Yule mzee wa Ujiji alikuwa na tikiti ya daraja la tatu, yaani viti vya chini, na asiyepata kiti hutandika mkeka wake penye nafasi, kati ya magunia.

Sasa nieleze kosa langu. Nilichukua karatasi nne katika mkoba wangu (karani hasafiri bila karatasi) nikaandika kwa herufi kubwa kwamba saa mbili usiku abiria wote wanaalikwa katika chumba cha kulia kwa ajili ya kufahamiana. Nikaandika na ratiba: kufungua, kutaja majina, maelezo mafupi ya historia ya meli, maswali, kufunga. Msimamizi wa chumba cha kulia hakukataa, mradi kila mtu anunue chai. Walikuja watu sita. Wawili walikuwa watalii kutoka Ulaya, vijana, waliodhani ni mahali pa kuagiza chakula. Wengine walikuwa mwalimu, mfanya biashara na mkewe, na bwana mmoja wa idara ya misitu ambaye alisinzia katika maelezo ya historia. Wakati wote huo tulisikia kutoka chini nyimbo na vicheko vya watu ambao hawakuwa na ratiba yo yote.

Katikati ya mkutano yule mzee wa Ujiji alisimama mlangoni na kanzu yake safi. Alikuwa amesomewa tangazo langu na mtu. Nikaona wale wageni wananitazama, na msimamizi ananitazama, nami nikasema, "Mzee, samahani, hapa ni kwa abiria wa vyumba." Hakuna mtu aliyenituma kusema hivyo. Karatasi yenyewe ilisema abiria wote. Mzee akajibu, "Haya, mwanangu, sisi tuko chini," akaenda zake.

Sikulala vizuri. Usiku wa manane meli ilipunguza mwendo, ikapiga honi, na nilipotoka nje niliona taa nyingi zaja juu ya maji gizani. Katika ziwa hilo bandari zenye gati zilikuwa chache mno, Kigoma, Kasanga na Mpulungu tu. Kwingine kote meli hukaa mbali na ufuo, na mashua na mitumbwi huizunguka kama vifaranga. Mlango wa ubavuni hufunguliwa. Watu, watoto, kuku, vitanda, magunia ya dagaa na mananasi, vyote hupita katika mlango huo kwa wakati mmoja, wengine wakipanda na wengine wakishuka, na mashua zainuka na kushuka kwa mawimbi. Nilimwona mama akimtupa mtoto wake mikononi mwa kijana asiyemjua, kisha akaruka mwenyewe. Nilirudi kitandani nikiona haya, ingawa sikuweza kueleza sababu.

Asubuhi ya Alhamisi nilishuka kumtafuta mzee nikamtaka radhi. Alikuwa akinywa uji. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Wewe ulitaka watu, au ulitaka ukumbi?"

Basi tulifanya mkutano wa pili, na huo ulikuwa mkutano wa kweli. Kwa faida ya msomaji atakayetaka kujaribu, naandika niliyojifunza. Usikusanye watu usiku wa kwanza. Kila mtu yu katika kutafuta mahali pa kulala na anachunga mizigo yake. Ngoja mpaka wamekwisha kula pamoja mara moja. Usikae karibu na mitambo, maana hamtasikiana, wala karibu na mlango wa mizigo. Tafuta kivuli cha turubai. Muulize baharia mzee kwanza wala si nahodha. Nahodha akiulizwa lazima ajibu kama serikali. Chai iwe kubwa na hotuba iwe ndogo. Kila aliyeweza alitoa shilingi mia tano za Tanzania, na asiyeweza hakuulizwa. Tulimfanya mweka hazina mama mmoja wa Uvira, Kongo, mfanya biashara ya vitenge, ambaye alihesabu fedha kwa sauti mbele ya watu wote mpaka hapakuwa na shaka. Mzee wa Ujiji alikuwa mwenyekiti, nami nikawa karani wake, kazi niijuayo.

Walikuja watu wasiopungua sitini. Walikuwapo Waha, Wafipa, Wabembe kutoka ng'ambo ya Kongo, Warundi, Wazambia waliokuwa wakirudi kwao, na wale vijana wawili wa Ulaya ambao safari hii waliketi juu ya magunia na kuonekana kuwa na furaha zaidi. Kiswahili kilikuwa cha namna saba, na kila mmoja alimcheka mwenziwe. Nilikuwa nimeshauri jambo moja tu kutoka katika ratiba yangu ya kwanza: kwamba kila mtu aseme jina lake, atokako, aendako, na kwa nani. Mzee alikubali. Nami nikaandika yote katika daftari.

Mtu wa ishirini na tatu, kwa hesabu ya daftari langu, alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Kongo, aliyevuka kwa mashua hata Kigoma. Alisema anakwenda Kirando kwa binti yake, ambaye amejifungua mtoto wake wa kwanza. Kaka yake alipigiwa simu kutoka huko, akaambiwa binti ana homa kidogo, mama na aje amsaidie. Akataja jina la mume wa binti. Watu wakasema "hongera, mama," naye akatabasamu, akaonyesha kifurushi cha nguo za mtoto. Nami nikaandika: Kirando, kwa binti yake.

Mtu wa ishirini na nne alikuwa mfanya biashara wa dagaa. Ilipofika zamu yake alisimama, akafumbua kinywa, kisha akasema kwamba kichwa kinamuuma, akaketi.

Mkutano ulipokwisha, watu wakicheza bao na wanawake wakibadilishana mitindo ya kufunga kitenge, bwana wa dagaa alinivuta kando mpaka nyuma ya meli. Yeye alikuwa mkazi wa Kirando. Alikuwa ameondoka huko siku tisa nyuma kupeleka mzigo Kigoma, na siku moja kabla hajaondoka alisimama makaburini. Binti alikufa siku ya tatu baada ya kujifungua. Mtoto yu hai. Akasema, "Wewe ndiwe uliyetuuliza twaenda kwa nani. Sasa niambie nifanye nini."

Wasomaji mtaniwia radhi, nalikuwa kijana. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa kwamba jambo hili si la idara yangu. Nilikwenda kwa mzee.

Tuliketi watu wanne: mzee, bwana wa dagaa, mama wa Uvira, nami. Mzee alisema kwamba desturi ni wazi. Msafiri haambiwi habari ya msiba njiani, licha ya majini. Ndugu zake walificha kwa makusudi, wakasema homa, ili afike salama, akae chini, azungukwe na watu wake, ndipo aambiwe. Sisi ni nani hata tuvunje shauri la wenyewe? Nikaona maneno hayo ni ya haki. Hata kwetu Kenya ndivyo tufanyavyo. Mimi mwenyewe niliitwa nyumbani kutoka shuleni kwa kuambiwa kuwa baba ni mgonjwa, nami nilipoiona bustani yetu imejaa watu ndipo nilipojua.

Mama wa Uvira hakukubali. Alisema shauri la ndugu lilikuwa jema kama mama angefika kwa miguu, mchana, mbele ya mlango wa nyumba. Lakini meli hii itafika Kirando usiku, nayo itakaa mbali na ufuo. Atashuka peke yake katika mtumbwi, gizani, penye mawimbi. Akamgeukia bwana wa dagaa: "Wale vijana wa mitumbwi wanajua?" Akajibu kwamba wote wanajua, mume wa binti ni mvuvi mwenzao. "Basi," mama akasema, "mmoja atamwambia 'pole, mama' mguu wake mmoja ukiwa melini na mmoja majini."

Tulinyamaza kitambo. Mzee akaomba maji akanywa. Kisha akasema, "Desturi ilimtaka aambiwe akiwa amekaa, na katikati ya watu wake. Kukaa, aweza kukaa hapa. Watu wake ndio hatuna." Mama wa Uvira akajibu kwa Kiswahili chake cha Kongo kwamba wanawake wale waliomwambia hongera ndio watakaokuwa watu wake, kwa usiku huo.

Palikuwa na saa nyingi kabla ya Kirando. Hizo ndizo saa zilizokuwa ngumu kwangu. Mama yule alikuja mwenyewe akaniomba nimsomee maandishi katika pakiti ya dawa ya homa aliyomnunulia binti yake Kigoma, ni vidonge vingapi asubuhi na vingapi jioni. Nikamsomea. Alirudia baada yangu, akihesabu kwa vidole ili asisahau. Hata leo sijui kama nilitenda vema kumsomea bila kusema neno, na nimepata kuwauliza watu wawili wenye hekima wakanijibu majibu mawili.

Jua lilipokwisha kuchwa, mama wa Uvira alihakikisha kwanza kwamba mwenziwe amekula. Wenzangu watatu wa chumbani, nilipowaeleza, walitoka na mizigo yao bila kuuliza swali. Wanawake sita waliingia naye katika chumba kile cha vitanda vinne, wakafunga mlango. Mimi na mzee tulisimama nje tukitazama maji. Kwa muda hatukusikia kitu isipokuwa mitambo. Kisha tukasikia, nami sitaandika tuliyoyasikia. Wale waliokuwa wakiimba kule chini walinyamaza mmoja mmoja, mpaka meli nzima ikawa kimya, hata watoto. Mmoja wa wale vijana wa Ulaya alikuja akaniuliza kuna nini. Nilipomweleza alivua kofia yake akasimama pamoja nasi.

Fedha za chai zilikuwa zimebaki. Mweka hazina alikuwa ameniachia mfuko, nami nikapita kwa watu kuongeza. Sikuhitaji kueleza. Mtu asiyekuwa na fedha alitoa sabuni, mwingine kilo ya sukari, na mama mmoja wa Kizambia alitoa kanga aliyokuwa amejifunga, akabaki na sketi.

Honi ilipolia karibu na Kirando na taa za mitumbwi zilipoanza kuja, mama alitoka akiwa ameshikwa huku na huku. Hapo mama wa Uvira akatangaza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: kwamba na yeye anashuka. Tikiti yake ilikuwa ya Mpulungu. Meli ilipita kuelekea kusini mara moja tu katika majuma mawili, kwa hiyo kushuka kwake kulikuwa na maana ya kutafuta gari baadaye mpaka Sumbawanga na mbele zaidi, kwa fedha zake. Marobota yake manne ya vitenge aliyakabidhi kwa wanawake wawili wa Zambia ambao hakuwa amewajua hata jana asubuhi, nami nikaandika hati ya makabidhiano, wakaitia vidole gumba. Bwana wa dagaa alitangulia kushuka mtumbwini akawaambia wale vijana neno. Hawakupiga kelele kama ilivyo kawaida yao. Walisimama wakainua mikono juu kumpokea, na meli ikatulia mpaka amekaa.

Ijumaa asubuhi, tulipokuwa tukikaribia Kasanga, watu watatu mbalimbali waliniuliza baraza ni saa ngapi. Tulikusanyika tena pale pale. Sikuandika kitu wala hakuna aliyeulizwa aendako. Mzee alisimulia habari za babu yake aliyekuwa mpagazi, na baharia mmoja alituimbia.

Meli ile, mwaka uliofuata, 2015, ilitumika kuwavusha wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma, na baadaye ikasimamishwa kwa matengenezo makubwa. Daftari langu ninalo. Bwana wa dagaa alikuwa ameandika ndani yake namba yangu na yake, na miezi miwili baada ya mimi kurudi kazini nilipata ujumbe wake katika simu, nikiwa mezani na faili mbele yangu. Marobota ya vitenge yalifika Mpulungu yote manne. Mama amevuka ziwa kurudi kwao pamoja na mjukuu, na mtoto anakunywa maziwa vizuri.